Jiko la Bi Zuhura na Mbao za Baharini

Vijana wa karakana mmesema niandike kabla sijasahau. Sijasahau. Taabu yangu ni kinyume chake. Lakini nimestaafu, mke wangu hataki nikae jikoni kumhesabia vijiko, basi nimekaa mezani na kalamu. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo waulizeni ofisini. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kile kile cha kwanza, ila kofia ilikuwa mpya. Mimi nitaandika juu ya meko, na zaidi juu ya jiko moja la Sparkhill ambalo nikilikumbuka, hata nikiwa peke yangu barabarani, natazama chini.

Kazi hii sikuitafuta. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa nachuuza glavu za ngozi kwa katoni, natembea nazo Digbeth, hapa Birmingham, mlango kwa mlango. Digbeth yenyewe ilikuwa bado maghala na vumbi la chuma. Hao wachoraji na wauza kahawa wa bei mbaya walikuwa hawajafika. Nikaingia kwenye karakana moja chini ya njia ya reli, nikamkuta mama wa Kizungu mwenye mikono ya makanika anaitwa Maureen. Nikataja bei yangu. Akavaa glavu, akaingiza mkono kwenye jiko lenye moto, akautoa, akanionyesha ncha za vidole zilivyokunjamana. Akataja bei yake. Tukavutana mpaka treni mbili zikapita juu ya vichwa vyetu. Nilitoka pale sina glavu, nina kazi. Mpaka leo sijui nani alimpunja nani, na nimelipigia hesabu mara mbili.

Siku ya kwanza alinipa gazeti kuukuu, maji ndani ya ndoo na sahani ya majivu. "Safisha kioo," alisema. Nikadhani ananichezea. Gazeti likilowa, ukalichovya kwenye majivu laini, ukasugua kioo cha jiko, masizi yanatoka kama hayakuwahi kukaa. Hiyo ndiyo sabuni, na nyinyi mnaonunua dawa za chupa mnaniumiza roho. Siku hiyo hiyo niliwasha jiko la maonyesho bila kufungua kipitishio cha moshi. Wateja walitoka wakikohoa mpaka kwenye lami. Mmoja alitoka na kikombe chetu cha chai na hakurudi. Maureen hakunigombeza. Alinipeleka nje, akanionyesha moshi uliokuwa ukitoka mlangoni badala ya kutoka juu, akasema: "Umejifunza la kwanza, bab. Jiko linajibu ulicholifanyia." Bab ni neno la watu wa Birmingham, wanamwita hivyo mtoto, mteja na hata askari.

Meko mengi tuliyoyatengeneza yalikuwa ya kawaida. Lakini yalikuwapo machache ya Kimarekani yenye kifaa ndani ambacho mimi nilikiita sega, kwa sababu kimejaa vitundu kama sega la nyuki. Ni kitofali cha udongo wa kuchoma kilichopakwa madini ghali, kinakaa juu ya moto, chini ya bomba. Kuni zikiungua zinatoa moshi. Moshi ukipita kwenye sega lililokwisha kupata moto wa kutosha, moshi wenyewe unaungua tena. Unapata joto maradufu kwa kuni zile zile, na bomba nje linatoa hewa tupu inayotetemeka. Kwa mtu wa tabia yangu, kitu kinachochoma kitu kimoja mara mbili ni kitu cha kuheshimiwa.

Jiko la namna hiyo likianza kufuka, hukimbilii spana. Kwanza tazama kama mwenye nyumba anafungua kipitishio wakati wa kuwasha na kukifunga jiko likishapata moto. Wengi hufanya kinyume. Kisha tazama kipimajoto cha juu: kama kuni zinawaka vizuri na mshale haupandi, sega halifanyi kazi. Subiri lipoe kabisa. Litoe kwa mikono miwili, ni jepesi na linavunjika kwa hasira. Mulika tochi kwenye vitundu. Kama ni majivu, brashi laini ya rangi inatosha. Kama ni utando mgumu, lichemshe kwenye siki na maji yale ya kutia kwenye pasi, lisuuze, likauke, ulijaribu tena. Likikataa hapo, weka jipya, ulizungushe gasketi mpya, ule ukanda wa kuziba nafasi, na usilibane; gasketi itatanuka yenyewe kwa joto. Sega lililobanwa linapasuka siku ya kwanza ya baridi, na mteja hupasuka siku ya pili.

Lakini kanuni ya Maureen ilitangulia yote hayo. Alisema sega halifi kwa ajali, linalishwa sumu: mbao za rangi, plastiki, makaa ya mawe, karatasi zinazong'aa, mbao zilizookotwa baharini zenye chumvi. Kwa hiyo ukifika nyumba ya mtu, kabla hujavua koti, uliza wanachoma nini. Nenda kwenye kapu la kuni, nusa, gusa, toboa kwa kipimo cha unyevu. Niliwauliza madaktari wa Edgbaston, wenye bustani kubwa kuliko uwanja wetu wa shule, na mmoja akakiri mbele ya mkewe kwamba anachoma viatu. Sikuona haya hata chembe.

Ndipo tukapigiwa simu kutoka Sparkhill. Aliyepiga ni binti anaitwa Rahma, msaidizi wa wauguzi hospitalini, na jiko lilikuwa la mama yake, Bi Zuhura, mtu wa Unguja. Jiko lilikuja na nyumba. Mabomba ya joto hayakufika kile chumba cha chini, na Bi Zuhura alikuwa amehamia huko tangu magoti yake yalipogoma kupanda ngazi. Bila jiko, chumba kilikuwa friji yenye mapazia. Maureen alisikia jina, akanirushia funguo za gari. "Watu wako hao. Nenda wewe."

Nilikwenda peke yangu. Nikagonga, nikavua viatu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mtu wa wapi wewe?"

"Tanga, Bi. Naitwa Shabani."

"Ah, basi wa nyumbani. Kaa, unywe chai kwanza. Jiko halikimbii, lingekimbia lingenipa na mimi lifti."

Hapo ndipo nilipoharibu kazi, pale kwenye chai. Nyumba za Wazungu nilikuwa fundi. Pale nikawa mgeni. Kapu la kuni lilikuwa pembeni, juu yake kumekunjwa miswala, na mgeni hapekui vitu vya watu. Sikuuliza. Nikapiga magoti, nikafungua mlango wa jiko, na nikapiga chafya iliyonitoa machozi.

Ilikuwa pilipili kavu iliyoungua. Ndani, kwenye kona za matofali, kulikuwa na ukoko mweupe, na chembe nzima nzima za chumvi ya mawe ambazo hazijayeyuka. Ninyi mliozaliwa hapa labda hamjui, basi nawaambia: kwetu mtu akihofia jicho la hasidi, hutia chumvi na pilipili kwenye moto. Mama yangu alifanya hivyo. Mdogo wangu akilia bila sababu, chumvi. Biashara ya baba ikilala, chumvi. Harufu ile naijua kabla sijajua kusoma. Nilimtazama Bi Zuhura. Yeye alikuwa akitazama dirishani, upande wa jirani.

Ilinitosha kusema maneno machache tu: Bi, chumvi inaua kifaa hiki, tafuta chetezo. Sikuyasema. Nilijiambia ni heshima, mtu mzima haulizwi kinga zake. Uongo. Niliogopa kwamba nikishayasema pale nitatakiwa kuyarudia Digbeth, mbele ya Maureen na wale vijana wa Kizungu, kwamba watu wangu wanapigana na macho ya majirani kwa chumvi. Nilisugua ukoko wote, nikaweka sega jipya, nikawasha, nikakaa mpaka likawa jekundu kama kaa la kuchomea mishikaki. Bi Zuhura akaniombea dua ndefu. Maureen aliponiuliza chanzo, nikamjibu: "Uzee. Sega lilikuwa limechakaa." Na kweli lilikuwa limechakaa, kwa hiyo nilijihesabu mkweli.

Haikupita muda mrefu Rahma akapiga tena. Jiko linafuka kuliko mwanzo. Jirani wao wa ukuta mmoja, mama wa Kizungu anaitwa Sheila, alikuwa amelalamika manispaa kwamba shuka zake zinanuka moshi, na afisa atakuja kutazama bomba. Akikuta moshi, moto utazimwa, na hautawashwa tena. Niliomba namba ya yule afisa, tukapatana: yeye alitaka Jumatatu, mimi nikataka wiki ya mbele yake, tukaishia Ijumaa. Nilijiona mjanja sana, kumbe nilikuwa napatana juu ya muda wa kuendelea kunyamaza.

Lile sega nililoliweka mwenyewe nikaenda kulitoa. Maureen akalichemsha kwenye siki, akalisuuza, akalikausha, akalijaribu karakana. Mshale haukupanda. Akaligeuza mbele ya taa, akakwangua kwa kucha, ile rangi ya madini ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

"Huu si uzee," alisema. "Uliwauliza wanachoma nini?"

"Niliuliza. Kuni."

"Twende wote. Nataka kusikia mwenyewe. Wewe utafasiri."

Tulifika asubuhi. Chumba kilikuwa baridi mpaka pumzi zinaonekana; Bi Zuhura alikuwa amevaa kanzu juu ya sweta, na shuka juu ya kanzu. Maureen aliomba ruhusa, nikaifasiri vizuri, miswala ikaondolewa kwa mikono ya mwenyewe. Kuni zilikuwa safi, kavu, hazina rangi. Wakati huo huo Sheila naye akafika. Aliona gari letu, akavuka ua, akasimama mlangoni na mikono kifuani, anataka kusikia lini moshi utakwisha.

"Mkaribishe," Bi Zuhura akaniambia. "Kasimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita."

Sheila akaketi. Akapewa chai ya maziwa yenye iliki, akaipuliza kwa mashaka. Maureen akauliza: "Zaidi ya kuni, kuna kitu kingine kinaingia kwenye moto?"

Nikafasiri. Na Bi Zuhura, huku akimsogezea Sheila sahani ya mandazi na kumchekea kwa meno yote, akajibu:

"Mwambie bosi wako natia chumvi. Chumvi ya mawe na pilipili, kila magharibi, konzi moja. Kwa sababu huyu hapa, Mungu amsamehe, ana jicho. Siku aliyoingia humu akasema jiko zuri, jiko zuri, wala hakumtaja Mungu, wiki haikwisha likaanza kufuka. Na kadiri linavyofuka naongeza konzi. Mwambie vizuri lakini, mgeni asikasirike. Kula, mama, kula."

Hilo la mwisho alimwambia Sheila, naye akachukua andazi, akashukuru.

Maureen ananitazama. Sheila ananitazama, anatafuna. Mimi kichwani naona picha yote: sega linakufa kwa chumvi, moshi unatoka, jirani analalamika, Bi Zuhura anaona jicho limezidi, anaongeza chumvi. Gurudumu zima lilikuwa limelala mkononi mwangu na neno moja lingelisimamisha. Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza:

"Anasema walichoma mbao za baharini. Zile zilizookotwa ufukweni."

"Za baharini?" Maureen akakunja uso. Birmingham iko mbali na bahari pande zote. "Kazitoa wapi?"

Uongo ukishatoka unataka nauli. "Safari ya ufukweni, Weston," nikasema. "Rafiki yake alimletea."

"Hakusema hivyo."

Ilikuwa sauti ya Rahma. Alikuwa ametoka zamu, amelala juu, na sasa amesimama kwenye ngazi na soksi, nywele zimefungwa kitambaa. Alikuwa akisikia Kiswahili vizuri lakini akijibu kwa Kiingereza, kama nyote, na Kiingereza chake kilikuwa kile cha mtaani, cha Stratford Road, hakina kona.

"Mama hajasema mbao," alimwambia Maureen. "Anatia chumvi kwenye moto. Chumvi na pilipili. Ni ya kinga."

"Kinga ya nini, bab?" Sheila akauliza.

Rahma akatazama zulia. Bi Zuhura Kiingereza chake kilikuwa cha dukani na cha basini tu, lakini swali lile alilielewa. Akanyoosha kidole polepole, akajionyesha jicho lake mwenyewe, kisha akakipeleka kwa Sheila, kisha akachanua mikono kama mtu anayesema, ndiyo hivyo, tutafanyaje.

Nilisubiri kikombe kiruke. Sheila alimtazama, akatazama andazi lake lililobaki nusu, akasema:

"Basi mwambieni inafanya kazi. Mgongo wangu umeniua tangu Krismasi."

Rahma akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akamfasiria mama yake. Bi Zuhura naye akacheka, akajipiga paja, akasema pole, pole mama, sikukusudia mgongo. Maureen akacheka. Katika chumba kile mtu aliyekuwa hana pa kuweka uso ni mmoja, na alikuwa mtu wa Tanga.

Kisha Bi Zuhura akamgeukia binti yake. "Na huyu Shabani kawaambia nini?"

"Kasema umechoma mbao za baharini." Hilo Rahma alilisema kwa Kiswahili, bila kuteleza.

"Mbao za baharini," Bi Zuhura akarudia, taratibu. "Nizitoe wapi mie, Sparkhill?" Akanitazama. Hakuwa na hasira, na ningelipa chochote awe nayo. "Kwenu hawafanyi haya, mwanangu?"

"Wanafanya, Bi."

"Nani?"

"Mama."

"Na yeye ungemwambia Mzungu ni mbao?"

Mimi niliyepatana na kila mtu, na afisa wa manispaa, na Maureen mwenyewe, nikafungua sanduku la spana, nikatafuta nisichokihitaji. Bi Zuhura, kwa adabu, akainua birika, akauliza nani anaongezewa.

Maureen alilichukua swali la chumvi kama angechukua swali la skrubu. Alimwomba Rahma amweleze mama yake kwamba chumvi inaua ule mpako wa madini, na kwamba yeye hana ugomvi na kinga ya mtu, ila ipelekwe mbali na jiko. Bi Zuhura akauliza: na pilipili peke yake? Maureen akafikiri kwa makini, akasema pilipili haidhuru jiko, inadhuru watu. Wakapatana: chumvi kwenye chetezo, mlango wa uani, dirisha wazi. Upatanaji ule ulikwenda haraka na vizuri, na mimi sikuwa ndani yake. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiko nikizungusha gasketi kwenye sega jipya, na nilishukuru kuwa na sababu ya kuwapa mgongo. Nilihesabu skrubu mara mbili. Zilikuwa zote, hapana hata moja ya kunisaidia kukawia.

Kwenye gari Maureen aliendesha mpaka tukakaribia Digbeth. Nilianza kusema habari ya utamaduni, ugumu wa kueleza. Akanikata.

"Shabs, kuni naweza kunusa mwenyewe. Spana ninazo. Pale nilikuchukua kwa jambo moja tu."

Hakulirudia tena, wala hakumsimulia mtu karakana. Hilo lilinikaa vibaya kuliko kama angelisimulia.

Ijumaa afisa wa manispaa alikuja, akasimama upande wa pili wa barabara, akainua kichwa. Bomba lilitoa hewa tupu inayotetemeka. Akamuuliza Sheila kama ana lalamiko, Sheila akasema shuka zake hazina neno. Akaondoka. Jiko lile liliwaka baridi zote zilizofuata, na Bi Zuhura hakukaa tena na shuka juu ya kanzu.

Tangu hapo nilikuwa nakwenda kila mwaka, kabla ya majira ya baridi, kupitisha brashi kwenye bomba na kulitazama sega. Nilikaribishwa. Nililetewa chai, niliulizwa mke, watoto, habari za Tanga, na dua sikukosa. Lakini jiko hatukulizungumza. Nikimuuliza, linawaka vipi, Bi, kipitishio hakigandi, alisema kuna neno moja dogo, ngoja tu kidogo. Kisha ananisogezea sahani, anatazama saa ya ukutani, na tunakaa wawili, watu wa pwani wenye lugha moja, tunamngojea Rahma atoke kazini aje kutufasiria.